Niliondoa Jiwe la Mwenzangu, Nikampoteza Baba Mara ya Pili

Nimekosa. Naanza na hilo, maana nikianza na jingine nitajitetea, na kwa kujitetea mimi sijambo. Nimekosa kwa mkono na nimekosa kwa ulimi. Mkono uliharibu, ulimi ukamalizia.

Jina langu silitaji, na ya wenzangu nimeyabadili. Tanga hii ukikohoa Mabawa unapewa pole Usagara, na mama yangu bado yu hai, na hajui. Ukinitambua, ndugu yangu, nakuomba unyamaze. Ukitaka kunilaani, nilaani tu, mwenyewe nimeshajilaani.

Baba yangu alikuwa manamba. Nimelisema! Miaka yote hiyo neno hilo nilikuwa silitamki. Alikuwa mmoja wa wale waliozolewa bara, mbali huko, wakaletwa Tanga kukata mkonge, wakapewa namba kabla hawajapewa mahali pa kulala. Alimkuta mama shambani, yeye Mbondei wa Muheza, baba akasilimu, akaitwa Ramadhani, wakaoana. Mimi nikazaliwa. Nikiwa bado mdogo, kifua kikamwua, wakamzika kulekule kwenye makaburi ya shamba.

Kwao wapi? Mama hajui. Alijua kuna ziwa, na kwamba mama mzazi wa baba alimsindikiza mwanawe mpaka njia panda akamwambia urudi. Jina la baba la kuzaliwa, mama hakuwahi kulitamka sawasawa, lilikuwa la kilugha, na baba mwenyewe akiulizwa alikuwa anacheka anasema Ramadhani anatosha. Kipande chake cha kazi, ile kadi ya manamba, kiliungua pamoja na nyumba yetu ya makuti.

Kwa hiyo msiba wake haukufika kwao. Hilo ndilo lililomla mama miaka yote. Mtu akifia ugenini, kwao wapelekewe habari, watandike jamvi, walie, wamuombee, yaishe. Baba hakuliliwa na mtu wa kwao hata mmoja. Mama alikuwa anasema, "Mama yake anajua mwanawe yuko njiani. Na kama amekufa, amekufa akimngoja. Dhambi hiyo nimeibeba mimi."

Na mimi? Mimi nilikuwa naona haya. Watoto wa shule walikuwa wananiita mtoto wa namba. Nilipohamia mjini nikajipa kabila jipya. Nikiulizwa kwetu, nasema Pangani. Mkataa kwao mtumwa, wahenga walisema, nami nililisikia hilo nikaona wanawasema wengine.

Sasa ngoja nikwambie habari ya jiwe, maana bila hiyo hutaelewa.

Wewe kama ulikuwepo miaka ile ya dhiki unakumbuka. Sukari hakuna, sabuni hakuna, unga ni ule wa njano, na wenyewe mpaka upange foleni. Duka la ushirika likitangaza mzigo, watu wanapanga tangu alfajiri. Lakini mtu ana watoto, ana jiko, hawezi kusimama kutwa. Basi anaweka jiwe. Tofali, kopo bovu, kifuu cha nazi, chochote, anawaambia wa mbele na wa nyuma, hili langu, anakwenda zake. Akirudi anasimama pale lilipo jiwe lake. Na foleni ikisogea, aliye nyuma analisogeza kwa mguu. Hakuna askari aliyesimamia hilo, tuliheshimiana tu.

Siku moja mama alinituma nikalinde jiwe lake. Mbele yetu kulikuwa na jiwe la ajuza mmoja, mwenyewe kaenda kukaa kivulini. Nikalipiga teke likaingia mtaroni, nikasogeza letu. Tukapata sukari. Ajuza alipokuja akakuta hana nafasi, na sukari ikaishia watu wachache tu mbele yake.

Nilipomsimulia mama nikiwa nacheka, alinipiga kofi mbele za watu. Akachukua ile sukari, akagawa nusu, akanishika mkono mpaka kwa yule bibi. Njiani akaniambia, "Jiwe la mtu ni mtu! Umeondoa jiwe, umemwondoa mtu. Unanisikia?"

Nilisikia, wallahi nilisikia. Kofi lenyewe nalihisi mpaka leo.

Miaka ikapita, ikaja ruksa, kila mtu auze atakacho, maduka yakajaa, foleni zikaisha. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo, nikapata kazi kwenye ofisi ya shirika moja la mkonge, pale mjini. Nikapelekwa kozi ya kompyuta. Ehee! Miaka hiyo ukisema unafanya kazi na kompyuta, hata wakwe wanakuamkia.

Tulikuwa wawili kwenye kitengo chetu. Mwenzangu alikuwa mama mtu mzima, nimwite Bi Zaituni, mtu wa Pangani wa kweli, wa ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza tu alinishika.

"Kwenu wapi, mwanangu?"

"Pangani, Bi Zaituni."

"Pangani! Mtaa gani?"

"Huku... kwa ndani kidogo. Kuelekea bara."

Akaniangalia, akatabasamu na mdomo umefumba. "Haya, mwenyeji mwenzangu. Karibu." Hakuniuliza tena. Lakini kila asubuhi nikimwamkia shikamoo, yeye akishaitika marahaba alikuwa anaongeza, "Hawajambo Pangani?" Nami najibu hawajambo, nikijua kwamba anajua.

Vyumba vyetu vilipakana, na kila mmoja alikuwa na kompyuta yake. Yangu ilibeba kumbukumbu za mali za mashamba: matrekta, mashine za korona za kuchakatia mkonge, pampu, mabati. Ya Bi Zaituni ilibeba watu. Kila mfanyakazi aliyewahi kuandikwa kwenye mashamba yetu, tangu enzi za manamba, alikuwa na kadi: jina lake, la baba yake, kijiji alichotoka, jumbe wake, mke aliyemwoa shambani, watoto. Kadi zilikuwa zinaliwa na mchwa. Bi Zaituni alikaa miaka anaziingiza kwenye kompyuta moja moja, na zile zilizokwisha zikawa zinachomwa nyuma ya ofisi, kwa sababu mchwa walishaanza kupanda madirisha.

Mama alijua hayo. Aliniomba. "Si uko palepale? Niangalizie kadi ya baba yako. Ujue kijiji tu, mengine Mungu atafanya." Nikamwambia kesho. Ningefungua vipi kadi ile mbele ya Bi Zaituni, mimi mtu wa Pangani? Kila aliponiuliza nilimwambia kesho.

Na kuna siku Bi Zaituni mwenyewe alinipitia mlangoni, akiwa na kadi mkononi, akasema taratibu, "Mwanangu, hapa kuna kadi moja ya bwana mmoja, mke wake ana jina kama la mama yako." Nikaruka kama niliyeungua. "Majina yanafanana, Bi Zaituni! Mimi mtu wa Pangani!" Akasema haya, akarudi chumbani kwake. Dunia nzima ilinipa nafasi, nikaikataa kwa mikono miwili.

Sasa, nakala za akiba tulikuwa tunaziweka kwenye tepu. Mashine ya tepu ilikuwa moja tu, ya pili ilikufa ikachomolewa vipuri. Hii iliyobaki ilikaa mezani kwangu, na waya wake mwingine ulipita tundu la ukutani mpaka kwenye kompyuta ya Bi Zaituni.

Mashine ile ilikuwa na adabu yake. Kompyuta moja ikiishika ili iandike, nyingine inakataliwa mpaka ya kwanza imalize na kuiachia. Ukijaribu kuingilia, kioo kinakwambia kuna mgongano, imeshikwa na mwenzako. Ubaya wake ni pale umeme unapokatika. Kompyuta inazimika ikiwa bado imeshika, haijaachia, na mashine ya tepu, ambayo ilikuwa na betri yake, inabaki inamngoja mfu. Umeme wa Tanga miaka ile unaujua. Kwa hiyo fundi aliyetufundisha alituonyesha amri ya kuvunja. Ukiitoa, mashine inasahau aliyeishika na inarudisha tepu mwanzo kabisa.

Lakini alituonya, huku kidole kikitikisika: "Kabla hamjavunja, nendeni chumba cha pili mkaone kwa macho. Huenda mwenzako hajafa. Huenda anaandika."

Bi Zaituni alicheka. "Foleni hiyo. Siye tumekulia humo." Akaokota jiwe uani, jiwe dogo la matumbawe jeupe, akaliweka juu ya mashine. "Jiwe langu likiwa hapa, nimeshika mimi. Ukiweka lako, umeshika wewe." Hiyo ndiyo ikawa sheria yetu. Kasoro yake moja, Bi Zaituni alikuwa msahaulifu. Mara nyingi alimaliza kazi akaliacha jiwe lake pale, nami nikawa nalitoa nikimtania kwamba kalisahau tena.

Ndipo shirika likauzwa. Tajiri mpya akaja, na habari ya kupunguza watu ikaanza kunong'onwa ofisi nzima. Tukaambiwa wageni wa tajiri watakuja Ijumaa alasiri kuzichukua kompyuta, wanazitaka tupu, kila kitu kiwe kimewekwa kwenye tepu na kufutwa. Kitengo kingebaki na mtu mmoja. Sisi tulikuwa wawili.

Nikajiambia lazima wanikute nimemaliza. Unaona shetani alipoingilia?

Ijumaa asubuhi niliweka tepu yangu kwenye mashine, kabla sijaanza umeme ukakatika. Nikangoja, nikachoka, nikaenda kuswali na kula. Nikarudi, umeme umesharudi, na juu ya mashine jiwe la Bi Zaituni limekaa. Nikatoa amri yangu. Kioo kikanijibu: mgongano, imeshikwa.

Nikawaza, jiwe kalisahau kama kawaida yake, na huenda umeme ulirudi ukakatika tena nikiwa nje, kompyuta yake imekufa imeshika. Inawezekana kabisa! Mara ngapi imetokea? Ilibaki kutoka nje, kuzunguka veranda, kuchungulia dirishani kwake. Kazi ya kuchungulia tu.

Sikwenda. Nikwambie ukweli wote, maana ndiyo maana naandika. Sehemu ya moyo wangu ilijua. Sehemu ya moyo wangu ilisema, na kama anaandika je? Ataandika tena, mimi nimalize kwanza. Nikalishika lile jiwe, nikaliweka chini ya meza, nikatoa amri ya kuvunja.

Mashine ikanguruma, ikarudisha tepu mwanzo. Nikaandika mali zangu, matrekta yangu yote, korona zangu zote. Ilipokwisha nikaitoa tepu.

Haikuwa tepu yangu! Yangu ilikuwa kwenye droo, Bi Zaituni kaitoa kistaarabu kaihifadhi. Hii ilikuwa na karatasi yenye mwandiko wake: WATU.

Nikatoka mbio, sasa ndiyo miguu ikakumbuka njia ya veranda! Chumba kitupu, kompyuta iko hai, inapumua, na kioo kimejaa maandishi ya kulalamika. Ilikuwa inaandika. Ilipovunjiwa ikasimama, ikauliza iendelee au iache. Hapo bado palikuwa na dawa, ndugu yangu. Kila kitu kilikuwa bado kimo ndani ya kompyuta ile. Kilichotakiwa ni tepu mpya na ukweli.

Nikabonyeza iache. Kioo kikasafika. Nikarudi kwangu, nikaandika matrekta yangu upya kwenye tepu yangu, na ya Bi Zaituni nikairudisha kwenye kasha lake.

Alikuwa amekwenda msibani mara moja, Ngamiani, jirani yake alikuwa anafanyiwa arobaini. Alirudi anatweta, na mlangoni kwangu akakutana na meneja pamoja na wageni wa tajiri. Alishika sahani imefunikwa kawa, chini yake sambusa, kaniletea mimi. Akaniuliza mbele yao wote, kwa imani ya mtu anayemuuliza mwanawe.

"Tepu yangu, mwanangu. Imekwisha?"

Meneja ananitazama. Wageni wananitazama. Nikisema haijakwisha, wataniuliza kwa nini.

"Imekwisha, Bi Zaituni."

"Salama?"

"Salama."

Desturi yake ilikuwa kuisoma tepu kwanza, ahakikishe. Siku ile meneja alisema wageni wana haraka. Akaniangalia tena, akasema, "Basi, ukisema wewe." Akaingia kwake akafuta.

Mimi nilikuwa nakula sambusa. Nilisikia kiti chake kikisogea, nikasikia anabonyeza, na mdomo wangu ulikuwa umejaa. Ningeweza kuita! Ukuta wenyewe ulikuwa na tundu. Nikameza, nikachukua nyingine. Ndipo nikamkumbuka baba. Kabla ya hapo, naapa, hakunijia hata chembe, nilikuwa nawaza kazi yangu tu. Nikalitema lile tonge kwenye karatasi, lakini kulikuwa kimya kule chumbani, alishamaliza.

Kazi hatukupata, si yeye wala mimi. Tajiri alikuja na watu wake. Hata matrekta yangu hakuyataka, akaleta mapya.

Maboksi ya tepu yalipotupwa uani niliiokota ile ya watu. Nikaipeleka Dar kwa mafundi, mmoja baada ya mwingine. Walioweza kuifungua walikuta matrekta. Baada ya matrekta, wakasema, mashine inaona alama ya mwisho niliyoiweka mimi, haivuki. Nikamuuliza mmoja, watu wale bado wamo humo? Akasema pengine wamo, lakini hakuna mlango. Akanirudishia ile tepu. Siku hizi hata mashine za kuisomea hazipatikani tena, naihifadhi sandukuni chini ya nguo.

Mama hakujua lolote kati ya hayo. Macho yalipoanza kumfifia akaniita akanikalisha. "Mwanangu, mimi sina siku nyingi. Nitakutana na baba yako. Ataniuliza, kwetu ulipeleka habari? Nimjibu nini?"

Nikaona kuna mtu mmoja tu duniani aliyeisoma kadi ile. Nikapanda basi la Pangani, nikavuka mto kwa kivuko, nikamkuta Bi Zaituni uani kwake amekalia mbuzi anakuna nazi. Kazeeka, lakini sauti ileile.

"Ahaa! Mtu wa Pangani karudi kwao!"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Akaacha nazi yake, akaniitia chai, akaniuliza hali ya mama. Nilikuwa nimejifunza maneno yote ya toba ndani ya basi. Nilikuwa nimeamua kumwambia, wallahi nilikuwa nimeamua. Nikaanza na la baba.

"Bi Zaituni, mimi si mtu wa Pangani."

"Jipya hilo? Niambie la leo."

"Baba yangu alikuwa manamba."

Akafuta mikono kwenye leso. "Najua. Kadi yake niliishika kwa mikono hii. Mke wake mama yako, mtoto wake wewe, kabila na kijiji, vyote vilikuwemo. Nilikuja kukwambia, ukanifokea. Nikasema mtu na aibu yake, siku akitaka ataniuliza. Nikawa nakungoja."

"Kijiji gani, Bi Zaituni? Jina lake nani?"

Akafumba macho. Midomo ikawa inacheza. Akaanza herufi, akaiacha. Akaanza nyingine. "Lilikuwa... N'nalo hapa... La ilaha illallah! Limenitoka, mwanangu. Siku ile ningekwambia. Na mwaka ule ungeniuliza ningekwambia. Wamepita wengi mkononi mwangu, na kichwa hiki sicho tena."

Kisha akafungua macho, uso ukamng'aa, akanipigapiga goti.

"Lakini una hofu ya nini? Wote niliwahifadhi! Hapana hata mmoja niliyemwacha. Watu wanakuja hapa kuniuliza habari za wazee wao, nawaambia nendeni kwa tajiri, wamo kwenye tepu. Kazi yangu ya maisha hiyo, mwanangu. Nikifa, najua sikuwapoteza watu wa watu." Akanikazia macho. "Si siku ile ulinambia imekwisha salama?"

Ndugu yangu, hapo ndipo mahali. Mungu alinipa mara ya pili swali lilelile, kwa mdomo uleule, na safari hii hakukuwa na meneja wala wageni. Kulikuwa na kuku tu uani.

Nikasema, "Ndiyo, Bi Zaituni. Salama."

Akarudi kwenye nazi yake, ameridhika. Nikanywa chai yangu. Aliponisindikiza kivukoni alinifungia nazi kwenye kapu, za mama.

Nikashindwa kumwambia, na ningemwambia ningepata nini? Baba hangerudi. Ningemwua bibi yule kabla ya siku zake. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Lakini nakumbuka hata ile Ijumaa nilikuwa na sababu nzuri, kwa hiyo siziamini tena sababu zangu.

Na wale wanaokwenda kwake? Watu wangapi wa Tanga wanatafuta kwao, wanatumwa kwa tajiri, wanarudi mikono mitupu wakidhani tajiri ni mchoyo? Tajiri hana kitu. Watu wenu ninao mimi, chini ya nguo zangu, na siwezi kuwatoa. Nisameheni, au msinisamehe, mimi sijui hata niombe lipi.

Wewe unayesoma, ukikuta kitu kimeshikwa na mwenzako, kama ni mashine, kama ni nafasi, kama ni kiti, usiseme kasahau. Usiseme kafa. Zunguka veranda ukamwangalie kwa macho yako! Na ukishaharibu, sema siku hiyohiyo, mbele ya hao hao unaowaogopa. Kazi niliyoilinda kwa ule uongo sikuipata, na hata ningeipata ingekuwa imeshakwisha zamani. Na kama una baba unayemwonea haya, muulize jina lake leo, kabla wanaolijua hawajasahau.

Mama sasa haoni kabisa. Nilimdanganya kwamba habari za baba zinatafutwa, kwamba kuna ofisi nimepeleka maombi. Jana nilipokuwa namlisha uji akaniuliza tena.

"Umefika ofisini?"

"Nimefika, mama. Foleni ndefu. Watu wengi wanatafuta watu wao."

"Foleni? Hata siku hizi za ruksa?"

"Hata siku hizi."

Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaubana.

"Basi niwekee jiwe langu, mwanangu. Na ulikalie macho, watu hawana imani."